Vya Aliyetutangulia Nyumbani

Neno tunalotaka kulifikiri pamoja nanyi mwezi huu ni dogo, wala halisikiki sana katika mafundisho. Walakini limetusumbua nyumbani kwetu muda wa miezi mingi, nasi twadhani limewasumbua na wengine ambao hawakupata nafasi ya kuliandika. Mtu akinunua nyumba kwa haki, akaingia, akakuta ndani yake kitu kilichoachwa na mwenye nyumba wa kwanza, je, kitu hicho ni cha nani?

Sisi twakaa Keko, upande wa Temeke, katika mji wa Dar es Salaam. Wageni huijua Keko kwa mambo mawili: gereza lake na maseremala wake. Ya gereza tuyaache. Maseremala ndio wale wafanyao vitanda, makabati na viti kando ya barabara, randa na misumeno yao ikilia tangu asubuhi hata jua kuchwa, na vumbi la mbao likiingia katika chai ya kila mtu. Nyumba nyingi za mitaa yetu, Keko Mwanga, Keko Machungwa na Keko Magurumbasi, zingali zile za mtindo wa Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, baraza mbele, na uani nyuma. Nyingine zimekwisha kuuzwa mara tatu au nne. Nazo zinapouzwa, desturi ni watu kukutana mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa pamoja na mashahidi, hati ikaandikwa: nyumba ya vyumba sita, mipaka yake hii na hii, bei yake kadha, nayo imepokewa. Hatujaona bado hati iliyotaja yaliyomo darini, wala yaliyo chini ya kizingiti.

Nyumba tuliyoinunua sisi ilikuwa ya seremala mmoja aliyekwisha kufariki. Aliyetuuzia ni mjane wake, mama mtu mzima, ambaye watoto wake wametawanyika, naye akataka kurudi kwao Rufiji, karibu na Kibiti. Alipakia vyombo vyake, akatukabidhi funguo, akatuombea heri, akaenda zake. Siku ya tatu tukamwita fundi mwashi abomoe kizingiti cha mlango mkubwa kilichokuwa kimeliwa na mchwa, aweke kipya. Sururu yake ikagonga chungu kidogo, kimefungwa mdomo kwa kitambaa na uzi. Fundi akaitua sururu taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto, akatoka nje. Akasema, "Mama, hicho mimi sikishiki." Hakurudi tena; zana zake alimtuma kijana aje azichukue.

Wasomaji wa pwani hawana haja ya kuelezwa. Nyumba nyingi za zamani zilizindikwa, yaani zilikingwa kwa dawa. Fingo likazikwa chini ya kizingiti ama katika pembe ya kiwanja, ili mwizi asiingie na hasidi asipate nafasi. Wengine walitundika hirizi juu ya mlango. Wengine walizika kitovu cha mtoto uani, na mpaka leo mtu akitaka kusema kwao hasa ni wapi, husema ni pale kilipozikwa kitovu chake.

Basi habari ya chungu ikaenea. Jioni wakaja ndugu zetu wa usharika, wakaimba, wakaomba, na mmoja wao alikuwa amebeba mafuta ya taa katika chupa, tayari kukichoma. Wakaja na vijana wa mtaa, hao hawakuimba. Walikitazama chungu kwa macho mengine. Mmoja akanong'ona kwamba pengine mna rupia za Mjerumani, na kwamba yuko mtu Kariakoo anunuaye. Kwa hiyo usiku ule watu wa namna mbili walikuwa wamekizunguka chungu kimoja, hawa wakitaka kukichoma na wale wakitaka kukivunja.

Wakati huo akaingia jirani yetu, mzee wa Kizaramo, Mwislamu, ambaye ukuta wa uani wake ni ukuta wetu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, wanangu. Nasikia mmepata mgeni. Mmemwuliza mwenyewe?"

Tukamjibu kwamba wenyewe ni sisi, na hati tunayo.

"Mwenye nyumba ni ninyi," akasema. "Mimi nauliza mwenye chungu."

Neno hili lilitunyamazisha, nasi tangu siku ile tumelifikiri mara nyingi. Tamaa humwambia mtu: kilichomo ndani ya changu ni changu. Hofu humwambia: kitu hiki ni cha Shetani, basi hakina mwenyewe. Yaonekana kama maneno mawili yasiyopatana, kumbe mwisho wao ni mmoja, maana yote mawili yamemwondoa mtu. Yule mama wa Kibiti hakuwamo katika fikira za mwenye mafuta ya taa, wala katika fikira za mwenye kunong'ona. Wote wawili waliuliza: ni nini hiki? Hapana aliyeuliza: ni cha nani? Nasi twadhani swali hili la pili ndilo lililopasa kutangulia.

Habari ya rupia haikutoka hewani. Mwaka 1916, Wajerumani walipozingirwa na vita, walifua fedha za dhahabu huko Tabora, rupia 15 kila kipande, zenye picha ya tembo, kwa dhahabu iliyochimbwa Sekenke. Vipande vilikuwa kama 16,000 tu, na kwa uchache wake leo wakusanyaji wa fedha za kale huvinunua kwa bei kubwa. Tangu hapo kila boma la kale na kila nyumba yenye kuta nene imekuwa na watu wa kuinyemelea kwa sururu. Sakafu zimetobolewa, misingi imelegezwa, na walaghai wamepata riziki kwa kuwauzia wenzao ramani za uongo. Kwamba nyumba yetu ya Keko ilijengwa miaka mingi baada ya Wajerumani kuondoka, jambo hilo halikumpunguzia yule kijana imani yake hata kidogo.

Watu wa kale waliokuwa na akili za sheria walilifikiri jambo hili kuliko sisi. Katika mkusanyo wa sheria za Kirumi aliouamuru Kaisari Justinian, uliotolewa mwaka 533, yamo majibu ya mwanasheria mmoja jina lake Scaevola, aliyeishi katika karne ya pili. Aliulizwa hivi: mtu alinunua nyumba ya yatima kwa mkono wa mlezi wake, akamwingiza fundi aitengeneze, fundi akakuta fedha. Ni za nani? Scaevola akajibu kwamba, ikiwa si hazina ya kale bali ni fedha zilizopotea, au mwenyewe hakuzichukua kwa kusahau, basi zingali zake yeye aliyekuwa nazo kwanza. Na mwingine, Paulus, akaeleza kwamba hazina ni akiba ya kale mno, hata hapana amkumbukaye aliyeiweka. Bali kitu alichokificha mtu kwa ajili ya faida, au hofu, au ulinzi, hicho si hazina, na kukichukua ni wizi. Tazameni basi: fundi, ukarabati, nyumba ya mtu aliyefiwa. Ni kama watu wale waliwahi kufika Keko.

Yule mzee jirani yetu hakuwasoma Warumi, lakini alitusimulia habari nyingine, iliyomo katika hadithi za Mtume wao zilizokusanywa na Bukhari. Mtu alinunua ardhi, akakuta humo mtungi wa dhahabu. Akampelekea aliyemwuzia, kwamba yeye alinunua ardhi, dhahabu hakuinunua. Mwuzaji naye akakataa, kwamba aliiuza ardhi pamoja na kilichomo. Wakaenda kwa mwamuzi. Akawauliza kama wana watoto. Mmoja alikuwa na mwana na mwingine binti, akawaagiza wawaoze, watumie mali ile kwa ajili yao na kutoa sadaka. Habari iliyo karibu sana na hiyo imo katika Talmud ya Wayahudi iitwayo ya Yerusalemu. Mzee alipokwisha kuisimulia akaongeza kwamba katika Keko amepata kuona kesi nyingi za nyumba, ila bado hajaiona ile ambayo kila mmoja amsukumia mwenzake dhahabu.

Hapo mwalimu mmoja wa katekisimo aliyekuwapo akaleta mfano ulio katika Injili ya Mathayo, sura ya 13: yule mtu aliyeikuta hazina shambani, akaificha tena, akauza vyote alivyo navyo, akalinunua shamba lile. Je, hakumwambia mwenye shamba? Swali hili tumelisikia hata katika madarasa ya kipaimara, na watoto ndio waulizao kwa ukali zaidi. Sisi twaona kwamba mfano hutumwa kubeba neno moja, na hapa neno ni furaha ya mtu yule na gharama aliyokubali kuitoa. Wakili dhalimu katika Luka 16 naye ametajwa kwa busara yake, wala hatukuambiwa tuibe kama yeye. Atakaye kuufanya mfano wa shamba kuwa sheria ya ununuzi wa nyumba, na akae kwanza mahali pa yule aliyeuza shamba.

Tena si kila aachaye kitu ameuza. Katika nchi yetu watu wengi waliziacha nyumba bila kupenda, na hao huacha zaidi kuliko wauzaji, kwa sababu hawakupewa siku za kufunga mizigo. Baada ya vita vya kwanza, mashamba na nyumba za Wajerumani ziliuzwa na mtunza mali za adui; lakini kwa mali za misioni mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliweka njia nyingine, katika kifungu cha 438: zisiuzwe kwa faida ya mtu, bali ziwekwe mikononi mwa wadhamini wa imani ileile, zitumike kwa kazi iliyokusudiwa. Ni jambo la ajabu kwamba washindi wa vita waliweza kuwaza hivyo juu ya nyumba za misioni, wasiweze kuwaza hivyo juu ya kabati la mkulima. Na mwaka 1971 ilipotungwa Sheria ya Kutwaa Majengo, majengo ya kupangisha yenye thamani iliyopita shilingi 100,000 yalitwaliwa, akawekwa Msajili wa Majumba ayasimamie, mpaka mwaka 1990 kazi hiyo ilipoingizwa katika Shirika la Nyumba la Taifa. Wengi wa waliotwaliwa walikuwa wenye asili ya Kihindi, na jamaa nyingi zikahama nchi. Haki ya sheria ile ina watetezi wake na wapinzani wake, nasi hatutaki kuiamua hapa. Twauliza neno dogo tu: mpangaji aliyeingia chumbani akakuta picha ya arusi ya watu asiowajua imesahauliwa ukutani, je, sheria ilitwaa na picha ile? Serikali haikuihitaji. Soko halikuitaka. Mwenyewe, popote alipo, pengine anaitafuta hata leo.

Lakini tumewaacha ninyi na chungu.

Usiku uleule tulimpigia simu mama wa Kibiti. Akacheka. Akasema, "Wanangu, mimi nimekiruka kizingiti hicho tangu nilipoolewa. Mama mkwe aliniambia pale pasifagiliwe kwa nguvu. Kilichomo sikijui. Shemeji yangu aliyeko Mafia ndiye ajuaye, nitamwuliza. Msikivunje." Tukakiweka uani, juu ya rafu, nyuma ya mtungi wa maji. Ndugu wa usharika hawakupendezwa, na mmoja hakuingia nyumbani kwetu muda wa mwezi mzima. Nasi tulijisifu moyoni. Tulijiona kuwa watu wenye haki kuliko mtaa wote.

Mwezi wa pili, mbao za dari katika chumba kidogo zilianza kuanguka. Tulipoziondoa, ukaonekana mkebe wa biskuti wenye kutu. Ndani yake mlikuwa na penseli ya useremala, picha moja ya mtu amesimama kando ya kitanda kipya, na daftari. Wahenga husema mali bila daftari hupotea bila habari. Seremala huyu alikuwa na daftari. Kila mstari ulikuwa na jina, kitu, bei, kilicholipwa, na kilichobaki. Kitanda cha futi nne. Meza na viti vinne. Mlango na miimo yake. Aliyemaliza kulipa amekatwa kwa mstari mmoja ulionyoka, bila shaka kwa kutumia kipimo chake cha kazi. Tukayasoma majina kwa kucheka, maana wengine twawafahamu, na wengine ni watu wakubwa sasa. Tukafika mwaka 1987. Pale palikuwa na jina la baba yetu, sawasawa, pamoja na jina la babu. Kitu: sanduku la maiti. Zimebaki shilingi 1,400. Mstari haukukatwa.

Wakati ule tulikuwa wapangaji Keko Machungwa, na mwaka ule ndipo alipofariki bibi yetu. Baba alikuwa mzee wa kanisa. Alitufundisha kwamba dawa ya deni ni kulipa, na sifa yake nyumbani ilikuwa kwamba hakupata kukopa. Sasa amelala karibu na bibi.

Juu ya chungu tulipiga simu saa ileile. Juu ya daftari tulikaa siku tisa. Na katika siku zile tisa tulitambua kwamba hoja zote tulizowacheka kwa wengine zilikuwa zimekaa ndani yetu zikingoja zamu yao. Mmoja wetu alisema, pengine baba alilipa na seremala akasahau kukata. Mwingine akasema, mwenye deni amekufa na mwenye kudai amekufa, nao wamekwisha kupatana huko waliko. Tukasema tena kwamba daftari limo katika nyumba yetu, na nyumba tumeilipia yote. Likatoka na neno la mwisho, nalo lilisemwa kwa sauti ndogo: ni ukurasa mmoja tu.

Walimu wa katekisimo watakumbuka jinsi Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, anavyoieleza amri ya tisa, ile ihusuyo nyumba ya jirani. Hakutosheka kutukataza hila. Amekataza pia kujipatia cha jirani kwa njia ionekanayo kuwa ya haki. Tulikuwa tumelisoma fungu hilo tangu utotoni, tukidhani lawahusu mawakili na watu wa mahakama. Hati yetu ya kununulia ilikuwa na muhuri, na mashahidi, na sahihi ya mwenyekiti. Kila herufi yake ilikuwa kweli. Kwa hati hiyo ya kweli tungeweza kulichana jina la baba, wala hapana mtu duniani ambaye angetushitaki.

Tena likatutatiza la kiasi. Shilingi 1,400 za mwaka 1987 zilikuwa fedha za kumhuzunisha mtu mwenye kazi. Leo ukimpa mtoto atanunua soda, asirudi na chenji ya kutajika. Kulipa zilezile zilizoandikwa ni kulipa kwa midomo. Yule seremala hakumkopesha baba yetu tarakimu. Alimkopesha mbao, misumari, na kazi ya usiku, tena kwa maziko ya dini isiyo yake, maana wao huzika kwa sanda bila sanduku. Tukaenda kwa maseremala wa barabarani, tukauliza bei ya sanduku la mtu mzima leo. Wakatupa pole, wakidhani tumefiwa.

Siku ya kumi tulipanda gari Mbagala Rangi Tatu, tukapita Mkuranga, tukashuka Kibiti, tukaenda kwa bodaboda mpaka kwa mama. Alitupokea kwa uji wa mchele. Tukampa picha kwanza, akaishika muda mrefu. Daftari akalifungua, akalinusa, akaturudishia. Macho yake hayaoni tena maandishi madogo. "Nisomeeni," akasema.

Tukasoma. Naye alikuwa na habari ambazo daftari halikuzijua. "Huyo alilipa kwa kuku, andika." "Huyo amekufa, na mkewe alikuwa mwema, mkate." "Huyo ana ghorofa sasa, mwacheni hapohapo." Hivyo mstari kwa mstari, jua likishuka nyuma ya mikorosho. Tulipofika mwaka 1987 sauti ilitukauka, naye akadhani tumechoka, akaagiza maji. Tukasoma jina. Tukasoma na kitu. Kisha tukamwambia kwamba huyo ni baba yetu.

Mama alinyamaza. Halafu akasema, "Sanduku lile alilifanya usiku. Mimi nilimshikia taa." Hakusema kama deni lililipwa, wala sisi hatukumwuliza. Tukamtolea zile fedha tulizozihesabu kwa bei ya leo. Tulikuwa tumeandaa maneno ya kumshawishi azipokee, maana tulidhani atakataa, hakukataa. Alizihesabu mara mbili, akazifunga katika pindo la kanga yake, akajiweka vizuri mkekani.

"Haya," akasema, "soma linalofuata. Na shemeji wa Mafia bado hajajibu habari ya chungu."